LENZI YA KUVUTA AU TELEKONVETA? Mwongozo kwa wapiga picha za michezo Ngara na Biharamulo



Leo tunaongelea kamera. Kila mashindano ya vijana yakianza, na kila msimu wa michezo ya mashule, UMITASHUMTA na UMISSETA, ukikaribia, swali linakuwa lile lile: "Picha zangu wachezaji wanaonekana kama sisimizi. Ninunue lenzi ya kuvuta, au ninunue telekonveta niongezee kwenye lenzi niliyo nayo?"

Swali hili lina hela ndani yake. Kuna mtu kauza maharage ya msimu mzima. Kuna mwingine kakusanya hesabu ya bodaboda miezi sita. Akinunua kitu kisichofanya kazi kwenye kamera yake, hela imekwenda na kamera inakuwa pambo la kabatini. Halafu wachezaji wetu wa Rulenge, Kabanga, Nyakahura na Lusahunga wanaendelea kucheza mpira mzuri bila mtu kuwa na picha yao moja ya maana. Kwa hiyo soma taratibu, ikibidi chapisha uende nayo nyumbani.

JIBU FUPI (kwa mnaosoma kafe na dakika zinakimbia)

1. Kama lenzi yako imeandikwa f/5.6 au f/6.3 mwishoni, usinunue telekonveta. Haitakusaidia.
2. Kwa viwanja vyetu vingi lenzi ya 55-250 au 70-300 inafika vizuri, mradi ukae sehemu sahihi.
3. Hela ikiongezeka, nunua MWANGA (f/4 au f/2.8) kabla ya kununua UREFU.
4. Telekonveta ya 1.4x ni ya mtu mwenye lenzi ya f/2.8 au f/4 tayari. Ya 2x ni ya mwisho kabisa kwenye orodha.
5. Kukata picha kwenye kompyuta ni telekonveta ya bure.

Mwenye muda tuendelee, maana kila jibu hapo juu lina sababu yake.

MANENO YA KUJUA KWANZA

Milimita: namba kama 55-250mm. Ikiwa kubwa, lenzi inavuta zaidi.

Namba ya f: hili ni tundu la kupitisha mwanga. Inachanganya kwa sababu namba NDOGO ndiyo tundu KUBWA. f/2.8 inapitisha mwanga mara nne ya f/5.6. Lenzi ikiandikwa f/4-5.6 maana yake ukivuta mpaka mwisho tundu kubwa unalopata ni f/5.6.

Stopu: kipimo cha mwanga. Kupoteza stopu moja ni kupoteza nusu ya mwanga. Kupoteza mbili ni kubaki na robo.

Spidi ya shata: muda ambao kamera inafungua jicho. 1/1000 ni sehemu moja ya elfu ya sekunde.

ISO: jinsi kamera inavyoongeza nguvu kwenye mwanga kidogo. Ukiipandisha sana picha inajaa chengachenga.

Sensa: siyo ile ya kuhesabu watu! Ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Kamera nyingi tulizo nazo mikononi (Canon 1000D, 550D, 700D, Nikon D3100, D5200, D90 na ndugu zao) zina sensa ndogo. Zile kubwa za bei mbaya, kama Canon 5D, zina sensa kubwa. Sensa ndogo inakata picha pembeni, hivyo lenzi ya 200mm kwenye Nikon hizo inaonekana kama 300mm, na kwenye Canon kama 320mm. Kwa mpiga picha za mpira hiyo ni faida.

Telekonveta: kipande kifupi chenye vioo, kinakaa KATI ya kamera na lenzi. Ya 1.4x inageuza 200mm kuwa 280mm. Ya 2x inageuza 200mm kuwa 400mm. Kuna kingine kinachofungwa MBELE ya lenzi, nacho wanakiita jina hilo hilo. Hicho tutakishughulikia kwenye mitego.

UWANJA WAKO UNAHITAJI MILIMITA NGAPI?

Hapa watu wengi wanakisia. Hesabu yake ni nyepesi. Kwa kamera ya sensa ndogo, kila milimita 100 zinakupa mita 20. Yaani ukiwa na 100mm, mchezaji aliye mita 20 kutoka kwako atachukua zaidi kidogo ya nusu ya urefu wa picha iliyolala. Hapo unaona uso, mpira na miguu, picha nzuri ya kuuza. Kwa hiyo:

85mm = mita 17
135mm = mita 27
200mm = mita 40
250mm = mita 50
300mm = mita 60
400mm = mita 80

Mwenye kamera ya sensa kubwa ahesabu kama mita 12 tu kwa kila milimita 100.

Sasa chukua uwanja wa mpira. Kisheria urefu wake ni kati ya mita 90 na 120. Ukikaa kwenye mstari wa goli, katikati ya uwanja ni kama mita 45 mpaka 60 kutoka kwako. Mwisho wa boksi la penalti ni mita 16.5. Unaona? Ukiwa na 55-250 ya kawaida unafika karibu na katikati ya uwanja, na kila kitu kinachotokea kwenye boksi kiko ndani ya uwezo wako bila kuongeza chochote.

Tena sisi huku tuna bahati ambayo wapiga picha wa Dar hawana. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa 2007, una njia za riadha kuzunguka eneo la kuchezea, kwa hiyo mpiga picha anaanza kazi akiwa nyuma zaidi. Huku kwetu uwanja wa shule au wa kata hauna uzio wala njia za riadha. Mstari wa chokaa ndio mpaka. Ukiomba ruhusa kwa refa na waandaaji unakaa hatua chache kutoka kwenye kibendera cha kona.

Kwa hiyo kabla ya kununua milimita, nunua nafasi, nayo ni bure. Kaa kwenye mstari wa goli ambalo timu kali inashambulia, kati ya goli na kibendera cha kona. Kaa chini au piga goti. Wachezaji wanakuja UKIWAONA USO, mpira uko mbele yao. Anayezunguka uwanja mzima akifuata mpira anaishia kupata migongo na visigino.

Kwa michezo mingine mambo ni mepesi zaidi. Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25. Wa kikapu ni 28 kwa 15. Wa wavu ni 18 kwa 9. Hapo hata lenzi ya 85mm inatosha, na lenzi ya 300mm itakukata vichwa vya watu.

MWANGA NDIO BOSI

Mtu anaweza kufika mbali kwa milimita na bado picha zake zikawa ukungu mtupu. Sababu ni spidi ya shata.

Angalia. Mchezaji anayekimbia kwa kasi anakwenda kama mita 8 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/200, wakati shata iko wazi yeye kasogea sentimita 4. Mpira uliopigwa shuti la mita 25 kwa sekunde umesogea sentimita 12 na nusu, zaidi ya nusu ya mpira wenyewe! Ukipiga kwa 1/1000, mchezaji kasogea chini ya sentimita 1 na mpira sentimita 2 na nusu. Hapo picha inasimama. Kwa mpira wa miguu lenga 1/1000. Ikishindikana kabisa, usishuke chini ya 1/500.

Wengi wanasema "lenzi yangu ina IS" au "ina VR". Hizo zinatuliza mtikisiko wa mikono YAKO. Hazimzuii mchezaji kukimbia. Ni nzuri kuwa nazo lakini haziondoi hitaji la spidi.

Sasa makadirio ya mwanga kwa ISO 400:

Jua wazi: f/5.6 inakupa kama 1/3200, f/8 inakupa 1/1600
Mawingu mepesi: f/5.6 inakupa 1/800, f/8 inakupa 1/400
Mawingu mazito: f/5.6 inakupa 1/400, f/8 inakupa 1/200
Jua linazama: f/5.6 inakupa 1/200, f/8 inakupa 1/100

Kumbuka Kagera tuko magharibi kabisa ya nchi ila saa tunatumia moja na Dar. Ndiyo maana jua la Ngara linachelewa kuzama zaidi ya nusu saa kuliko la Dar, karibu saa 1 usiku. Mechi iliyoanza saa 10 jioni kwa wakati inaisha kukiwa bado na mwanga. Ila nyie mnajua mechi zetu. Timu ngeni imechelewa, gari limekwama, mgeni rasmi anahutubia, mpira unaanza saa 11. Halafu fainali ya mbuzi inakwenda matuta! Na Ngara ni nchi ya vilima. Uwanja ulio chini ya kilima upande wa magharibi unaingia kivulini mapema kabla jua halijazama kwenyewe.

Kwenye yale matuta ya jioni, ukitaka 1/1000, hesabu inakuwa hivi:

Lenzi ya f/2.8 inahitaji ISO 500
Lenzi ya f/5.6 inahitaji ISO 2000
Lenzi ya f/5.6 yenye telekonveta ya 1.4x (imekuwa f/8) inahitaji ISO 4000

Kamera za zamani kama Canon 1000D zinaishia ISO 1600. Maana yake penalti ya mwisho, ile inayoamua mbuzi anakwenda kijiji gani, hupati. Ndiyo maana nasema nunua mwanga kabla ya urefu.

TELEKONVETA INAFANYA NINI HASA

Inapanua picha inayotoka kwenye lenzi. Haitengenezi mwanga mpya, inautandaza ule ule. Kwa hiyo unalipa kwa njia tatu.

Kwanza, mwanga. 1.4x inakula stopu moja, 2x inakula stopu mbili. Lenzi ya f/2.8 inakuwa f/4 au f/5.6. Lenzi ya f/4 inakuwa f/5.6 au f/8. Lenzi ya f/5.6 inakuwa f/8 au f/11.

Pili, kulenga. Kamera nyingi za kioo za bei ya chini zimetengenezwa kulenga zenyewe mpaka f/5.6 tu. Ukifika f/8, lenzi inakwenda mbele na nyuma ikitafuta, au inagoma moja kwa moja. Hata pale inapokubali, kasi inashuka. Canon wenyewe wanasema telekonveta zao za EF zinapunguza kasi ya kulenga kwa asilimia 50 kwa 1.4x na asilimia 75 kwa 2x. Kwa picha ya ndege aliyetulia mtini si tatizo. Kwa winga anayekuja mbio na mpira, mpaka lenzi imshike, ameshapiga krosi.

Tatu, ukali wa picha. Kila kasoro ya lenzi inapanuliwa pia. Lenzi kali inavumilia. Lenzi ya kawaida inaanza kuonekana imepakwa mafuta.

Kuna na la nne ambalo wauzaji wengi hawalisemi: nyingi HAZIINGII. Telekonveta za Canon za EF zina kioo kilichotokeza mbele, zinaingia tu kwenye lenzi maalum, hasa zile za L za 70-200 na 300 kwenda juu. Kwenye 55-250, 75-300 na 70-300 ya kawaida hazifungi. Za Nikon nazo zina kizuizi, zinakubali lenzi teule tu za AF-S. Za kampuni nyingine kama Kenko zinafunga kwenye lenzi nyingi zaidi, lakini kufunga siyo kulenga. Sheria ya f/5.6 iko pale pale.

Sasa inafaa lini? Inafaa ukiwa na 70-200 f/2.8. Ukiweka 1.4x unapata 98-280 f/4, bado ni lenzi ya kazi. Inafaa ukiwa na 70-200 f/4 L ya Canon. Unapata 98-280 f/5.6 na kamera zote za EOS zinalenga. Inafaa ukiwa na 300 f/4. Unapata 420 f/5.6. Jua likiwa kali na wewe umewekwa mbali, mfano jukwaani Kaitaba kule Bukoba huku huna kibali cha kushuka uwanjani, hapo telekonveta inalipa hela yake.

TELEKONVETA YA BURE: KUKATA PICHA

Sehemu hii isome mara mbili.

Picha ya kawaida ya kuchapisha ya sentimita 10 kwa 15, ile ambayo mchezaji anainunua na kuiweka kwenye albamu, inahitaji pikseli kama 1800 kwa 1200 ili itoke safi. Picha ya kuweka mtandaoni inahitaji chini ya hapo.

Kamera ya megapikseli 10 kama Canon 1000D inatoa picha ya 3888 kwa 2592. Ukikata ubaki na nusu ya upana na nusu ya urefu, unabaki na 1944 kwa 1296. Bado inatosha albamu! Na kwa macho umemsogeza mchezaji mara mbili, sawasawa na telekonveta ya 2x. Kamera ya megapikseli 18 ikikatwa hivyo inabaki na 2592 kwa 1728. Ya megapikseli 24 inabaki na 3000 kwa 2000. Ni Nikon D40 ya megapikseli 6 tu ndiyo itakayobanwa, inabaki na 1504 kwa 1000.

Na wakati unakata hukupoteza stopu hata moja uwanjani, wala lenzi haikulenga polepole. Hasara yake ni kwamba chengachenga zinaonekana zaidi, na huwezi kuchapisha bango la ukutani. Lakini wangapi kati yetu wanauza mabango?

Programu za kukatia zipo za bure, GIMP kwa mfano. Hata kwenye simu zipo.

HAYA, TUNUNUE LENZI GANI?

Bei sitaandika kwa sababu zinabadilika kila wiki na kila duka. Ila mpangilio wake kutoka chini kwenda juu ndio huu. Kuna habari njema pia: tangu 2018 Canon na Nikon walipoingiza kamera zao mpya kubwa zisizo na kioo, za R na Z, watu wengi Ulaya na kwingineko wanauza lenzi zao za zamani, hivyo mitumba mizuri ipo.

Ngazi ya kwanza, kuanzia. Canon EF-S 55-250 IS. Ukipata ile iliyoandikwa STM (ilitoka 2013) ndiyo bora, inalenga haraka na ina gramu 375 tu. Kwa Nikon ni AF-S 55-200 VR, 55-300 VR, au bora zaidi AF-S 70-300 VR. Canon 75-300 ya kawaida ni rahisi kupatikana lakini ni laini ukivuta mpaka mwisho na haina kitulizo. Ukiweza, iruke.

Ngazi ya pili, ya jioni na ya karibu. 85mm f/1.8, Canon au Nikon. Haivuti sana lakini inakula giza. Kwa netiboli, wavu, ngumi na kwa matuta ukiwa karibu na goli, hii inaishinda lenzi ya 300. Pia utapigia picha za harusi, kwa hiyo inarudisha hela yake haraka.

Ngazi ya tatu, ya kazi. Canon 70-200 f/4 L isiyo na IS. Ilitoka 1999, ina gramu 705, inalenga kwa kasi na ni kali. Kwa kukaa begani juu ya bodaboda kutoka Ngara mjini mpaka Rulenge, uzito huo unavumilika.

Ngazi ya nne, ya mwanga. 70-200 f/2.8 ya Canon au Nikon, hata toleo la zamani, au Nikon 80-200 f/2.8 D. Ukifika hapa SASA ndiyo fikiria telekonveta ya 1.4x. Jiandae kwa uzito, zinazidi kilo moja na robo, na nunua monopodi, yaani mguu mmoja wa kuegemeza.

Ngazi ya tano, ya mbali. 300 f/4 ya Canon au Nikon. Hapa ndipo watu wa riadha na magari wanapofurahia. Zile kubwa mnazoziona kwenye TV nyuma ya magoli ya Kombe la Dunia, kama Canon 400 f/2.8 IS II, zina karibu kilo 4 na bei yake mtu anajenga. Tuziache kwenye TV.

ANGALIA KAMERA YAKO KABLA YA KUTOA HELA

Nikon D40, D60, D3000 mpaka D3500 na D5000 mpaka D5600 hazina mota ya kulengea ndani. Ukifunga lenzi iliyoandikwa "AF" tu, kama 80-200 f/2.8 D, utalenga kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Wenye D80, D90, D7000, D7100 na D300 hawana shida hiyo. Na lenzi mpya za Nikon zilizoandikwa AF-P hazilengi kwenye kamera za zamani kama D40, D60, D90 na D3000.

Canon, lenzi za EF-S haziingii kwenye 5D na kamera nyingine za kioo zenye sensa kubwa. Lenzi za EF zinaingia kote. Ukija kununua Canon R siku za usoni, lenzi za EF na EF-S zinafanya kazi kwa adapta, kwa hiyo hela yako haipotei.

MITEGO: USIINGIZWE MJINI

Mtego wa 1: "telekonveta" ya 2.2x ya kufunga mbele ya lenzi kama chujio. Huwa inakuja na furushi la vitu ishirini vya bure. Pembeni picha inavurugika na katikati inakosa makali. Ni ya kuchezea.

Mtego wa 2: lenzi ndefu nyembamba ya 420-800mm f/8.3-16, inauzwa kwa majina mengi. Unavutiwa na zile 800. Lakini hailengi yenyewe, na kwa f/16 unahitaji jua la jangwani. Kwa mpira ni hasara.

Mtego wa 3: lenzi ya kioo ya 500mm f/8 ya kulenga kwa mkono. Nayo ni hivyo hivyo. Kwa mwezi sawa, kwa winga hapana.

Mtego wa 4: lenzi za kubandika kwenye simu zenye namba kubwa kubwa. Na ile zumu ya simu ukishapita lenzi zake halisi ni kukata picha tu, ambako tumeshaona unaweza kufanya mwenyewe baadaye.

KUKAGUA MTUMBA

Ukiagiza Kariakoo au Mwanza, tuma mtu anayejua, usiletewe tu kifurushi kwenye basi mpaka Nyakanazi ndipo ufungue. Akague hivi:

- Amulike tochi ya simu ndani ya lenzi. Akiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, aachane nayo. Chembe mbili tatu za vumbi si tatizo.
- Afunge kwenye kamera kama YAKO, siyo yoyote iliyopo dukani.
- Alenge kitu cha karibu halafu cha mbali, mara kumi. Ikisita au ikilia kama inasaga kokoto, hapana.
- Apige picha tundu likiwa wazi kabisa na lenzi imevutwa mwisho, aikuze kwenye skrini aone makali.
- Adai risiti yenye namba ya lenzi.

Kwa mnaovuka Rusumo kwenda kununua Kigali au Kabanga kuelekea Burundi, tangaza mzigo forodhani na utunze risiti. Lenzi iliyokamatwa ni ghali kuliko ushuru.

VUMBI, MVUA NA USALAMA

Juni mpaka Agosti vumbi letu jekundu linaingia kila mahali. Kila unapobadilisha lenzi au kuchomeka telekonveta uwanjani, unafungua mlango wa sensa. Hii nayo ni sababu ya kutochezacheza na telekonveta kwenye mechi. Amua kabla ya mpira kuanza. Ikibidi kubadilisha, geuka upe upepo mgongo, kamera iangalie chini. Msimu wa mvua, mfuko wa nailoni wenye tundu la lenzi unatosha. Nyumbani usiifungie lenzi kwenye begi bichi, fangasi hupenda hivyo. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, viweke humo.

Na jambo zito kidogo. Lenzi ndefu inavuta macho ya watu. Ngara iko mpakani. Usiielekeze kwenye daraja la Rusumo, vituo vya mpakani, mitambo ya umeme wala maeneo ya jeshi bila kibali. Maelezo ya "nilikuwa najaribu lenzi" hayatakusaidia. Kwenye mashule, ongea na mwalimu wa michezo kwanza, wale ni watoto wa watu.

MASWALI YANAYORUDI KILA MARA

Swali: Nina 18-55 tu na hela kidogo. Nianzie wapi?
Jibu: 55-250 au 55-200 ya mtumba. Usiguse kitu kingine kwanza.

Swali: Nina 70-300 na picha bado zina ukungu.
Jibu: Angalia spidi. Weka kamera kwenye Tv (Canon) au S (Nikon), 1/1000, ISO ijiongeze yenyewe. Weka ulengaji wa kufuatilia, AI Servo kwa Canon au AF-C kwa Nikon, na tumia nukta ya katikati. Kabla ya kulaumu lenzi jaribu hivyo mechi tatu.

Swali: Kamera mpya zisizo na kioo zinalenga hata f/8. Telekonveta si inafaa sasa?
Jibu: Kulenga zinalenga, lakini mwanga uliopotea haurudi, na bado lazima iingie. Mfano lenzi ya Canon RF 70-200 f/2.8 ya 2019 haikubali telekonveta kabisa.

Swali: Bora 1.4x au 2x?
Jibu: 1.4x. Ile 2x fanya kwa mkasi wa kompyuta.

KWA KUMALIZIA

Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu mwaka huu, nunua lenzi inayolenga yenyewe kwenye kamera yako na inayofika 200 au 250, halafu kaa mstari wa goli. Hela ya pili iende kwenye mwanga. Telekonveta ije ya tatu, kama bado utaihitaji, na nadhani wengi mtakuta hamuihitaji.

Mwenye kamera aina ambayo sikuitaja aandike kwenye maoni hapo chini: aina ya kamera, jina kamili la lenzi kama lilivyoandikwa mbele yake, na uwanja anaopigia. Wenye uzoefu wa maduka, semeni mliyoyaona ili wengine wasiumie. Matusi hayatapita.

Naomba kuwasilisha.